Mji Uliosali kwa Miguu

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ule mvua zilipogoma. Padre akatangaza litania ya kuomba mvua, na Jumamosi alfajiri bibi yangu mzaa mama akanishika mkono tukaenda kanisani. Hatukukaa. Tulitoka na msalaba mbele, tukapita katikati ya mahindi yaliyokaukia shambani mpaka juu kilimani, tukateremka hadi mtoni, ndipo tukarudi. Katekista anataja jina la mtakatifu, sisi tunaitikia: utuombee. Vumbi lilinifika magotini. Njiani nikamwuliza bibi kwa nini tusingesali palepale kanisani, kwenye kivuli. Akasema, "Mjukuu wangu, tunakwenda kumwonyesha Mungu shamba. Utamwonyeshaje ukiwa umekaa ndani?"

Jibu hilo nililibeba miaka mingi bila kujua nilifanyie nini. Nikaja kulielewa siku niliposoma kwamba neno letu litania limetoka kwenye Kigiriki, litaneia, yaani dua, na kwamba watu wa Konstantinopoli, mji mkuu wa zamani wa dola ya Roma ya Mashariki, leo Istanbul, walilitumia hasa kwa dua ya kutembea. Watu wakitoka kanisani na misalaba, mishumaa na ubani, wakishika barabara huku wakiimba, hiyo ndiyo litaneia. Mimi nilikua nikidhani litania ni yale maneno. Kumbe maneno yaliifuata miguu.

Tangu hapo sijauacha mji huo. Nimesoma habari zake kila nilipozipata, na mwaka juzi nilijaliwa kukaa Istanbul siku tatu. Sehemu kubwa ya siku hizo niliitumia barabarani, kwa sababu ni barabara niliyokuwa nimeifuata.

Barabara yenyewe waliiita Mese, maana yake ya Katikati. Ilianzia kwenye jengo la Milion, karibu na kanisa kuu la Hagia Sophia, mahali zilipohesabiwa maili zote za dola. Kipande cha jiwe lake bado kimesimama pale. Kutoka hapo ilielekea magharibi, huku na huku ikiwa na baraza za nguzo zilizoezekwa, ambamo watu walifanya biashara na kujikinga jua na mvua. Ilipita kwenye uwanja wa Konstantino, uliokuwa wa mviringo, ikafika uwanja wa Theodosius, kisha ule wa Ng'ombe, kisha wa Arcadius, mpaka ikatokea kwenye Lango la Dhahabu katika ukuta mkubwa. Leo sehemu yake ya mwanzo inaitwa Divanyolu na tramu hupita juu yake. Katikati ya maduka na wapita njia utaiona nguzo ya Konstantino, ya jiwe la zambarau, imeungua weusi kwa moto wa zamani na kufungwa mikanda ya chuma. Wengi hupita bila kuinua macho. Mimi nilikaa pale saa nzima, maana chini ya nguzo hiyo maandamano yalikuwa yakisimama kusali kabla ya kuendelea na safari.

Yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kufikiri. Kipo kitabu cha taratibu za Kanisa Kuu, cha karne ya 9 na ya 10, kinachoeleza siku kwa siku nani atoke wapi, aende wapi na aimbe nini. Waliohesabu maandamano yaliyomo kwa mwaka mmoja wamepata 68. Mara nyingi patriaki, askofu mkuu wa mji, anatoka Hagia Sophia asubuhi, shemasi anatangaza dua, umati unaitika Kyrie eleison, Bwana utuhurumie, tena na tena, wanafika uwanja wa Konstantino, wanasali, halafu wanashika njia ya kanisa la siku hiyo. Mchungaji wa mji hakuwangoja watu wamfuate altareni. Aliwafuata mitaani, wiki kwa wiki, mwaka mzima.

Lakini kilichonishika zaidi ni orodha ya tarehe zenyewe. Nilitazamia sikukuu za watakatifu, na zimo. Pamoja nazo nikakuta orodha ya mabalaa. Januari 26 ni tetemeko. Septemba 25 ni tetemeko. Oktoba 26, pamoja na sikukuu ya shahidi Demetrius, ni tetemeko la mwaka 740. Juni 25 na Agosti 16 ni kuzingirwa na maadui na kuokoka. Novemba 6 ni majivu. Mji ulikuwa unaitembelea hofu yake mwaka baada ya mwaka, kwa njia zilezile ambazo wazazi wao walikuwa wamezipita wakilia.

Hayo majivu yalinyesha mwaka 472. Mlima Vesuvius ulilipuka kule Italia, na upepo ukaleta vumbi lake mpaka Konstantinopoli. Mwandishi mmoja wa baadaye anasema yalilala juu ya mapaa kwa kina cha kiganja. Watu hawakujua yametoka wapi. Waliona anga imegeuka, kinachoshuka si mvua, wakatoka nje kuomba. Na kila Novemba 6 baada ya hapo wajukuu wao walitoka tena, anga ikiwa safi, wakapita palepale.

Tetemeko la Januari 447 lilikuwa baya zaidi. Liliangusha minara 57 ya kuta za mji, wakati majeshi ya Attila, mfalme wa Wahuni, yalikuwa yanatishia upande wa magharibi. Kuta zilijengwa upya kwa siku 60, na maandishi ya kujivunia kazi hiyo yapo hadi leo kwenye mojawapo ya malango. Zamani hizo Kaisari alikuwa Theodosius wa Pili, na waandishi wa kale wanasimulia jinsi alivyotoka kwa miguu peku kwa sababu ya matetemeko, yeye na wazee wa baraza na makasisi na watu wote, wakienda kusali. Kaisari peku. Sidhani kama mtu wa kule alihitaji kuelezwa maana yake.

Kutoka enzi ya Theodosius huyohuyo kuna kisa kingine, kinachosomwa Septemba 25. Ardhi ilikuwa inatikisika siku baada ya siku, na watu walikuwa wamehama nyumba zao, wakakusanyika kwenye uwanja wazi huko Hebdomon, maili saba kutoka Milion. Wakiwa wanaomba, mtoto mmoja akanyakuliwa machoni pao, akapaa mpaka asionekane. Akarudishwa akasema amesikia malaika wakiimba: Mungu Mtakatifu, Mtakatifu Mwenye Nguvu, Mtakatifu Usiyekufa. Patriaki Proclus akaamuru watu waimbe hivyo, na nchi ikatulia. Wimbo huo haujawahi kunyamaza tangu hapo. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda huuimba karibu katika kila ibada ya Misa yao, na sisi Wakatoliki tunao Ijumaa Kuu, wakati wa kuabudu msalaba. Nimeuimba tangu utotoni bila kujua kwamba uliaminiwa kuletwa na mtoto, kwenye uwanja uliojaa watu walioogopa kulala ndani ya nyumba zao.

Kutembea hadi Hebdomon ni kama kilomita 10, na kurudi ni 10 nyingine. Kitabu cha taratibu kinaagiza maandamano ya Septemba 25 yaende hukohuko. Wangeweza kulikumbuka tetemeko wakiwa Hagia Sophia, chini ya kuba lile ambalo kila aliyeliona alikosa maneno. Walikwenda mahali wazazi wao walipolikimbilia.

Si kwamba desturi hii ilianza kwa utulivu. Mwishoni mwa karne ya 4 Waario, ambao imani yao juu ya Kristo ilikuwa imekataliwa, walizuiwa kuwa na makanisa ndani ya kuta. Basi usiku wa kuamkia Jumapili na sikukuu walikusanyika kwenye baraza za barabara, wakagawanyika makundi mawili, wakaimba kwa kupokezana mpaka alfajiri, kisha wakaukata mji katikati wakitoka kwenda kusali nje. Nyimbo zao zilikuwa na mafumbo ya kuchoma: wako wapi wanaosema watatu ni nguvu moja? Yohane Krisostomo, aliyefanywa askofu wa mji mwaka 398, akaogopa kwamba watu wake watavutwa na uzuri wa zile nyimbo. Akaanzisha maandamano yake ya usiku, makubwa zaidi, yenye misalaba ya fedha iliyobeba mishumaa inayowaka, gharama akilipa malkia Eudoxia. Makundi hayo mawili yalipokutana, zikarushwa ngumi na mawe. Briso, towashi wa malkia aliyekuwa akiwafundisha waimbaji, alipigwa jiwe la paji la uso, na watu wa pande zote mbili wakafa. Kaisari akawakataza Waario kuimba hadharani.

Nampenda sana Krisostomo, mahubiri yake juu ya maskini bado yanachoma. Hata hivyo kisa hiki kinaniuma. Ibada ile ya barabarani iliyokuja kuwa nzuri hivyo, sehemu ya mizizi yake ni ushindani wa nani ataushika mtaa usiku. Aliyeimba barabarani ndiye aliyekuwa mwenye mji, na kila upande ulilijua hilo.

Kiswahili chetu kinasema maandamano kwa mambo mawili: watu waliofuata msalaba siku ya Matawi, na watu waliobeba mabango kudai haki yao. Zamani nililiona hilo kama upungufu wa lugha. Sasa naona lugha imeona mbali. Kule Konstantinopoli mambo hayo yalikuwa yanageukana katikati ya njia.

Chukua Novemba 512. Kaisari Anastasius aliruhusu wimbo ule wa Mtakatifu uongezwe maneno, "uliyesulubiwa kwa ajili yetu", na watu wakaona ni uzushi. Ghasia zilizuka tarehe 4, na ilipofika siku ya kumbukumbu ya majivu, waliokuja uwanja wa Konstantino kwa litania hawakurudi nyumbani. Wakafanya kambi palepale wakiimba wimbo kwa maneno ya zamani. Majumba yalichomwa, watu waliuawa. Mwishowe Kaisari, mzee wa zaidi ya miaka 80, alitokea mbele ya umati katika Hippodrome, uwanja wa mbio za farasi, bila taji kichwani, akasema yuko tayari kuuacha ufalme. Ndipo wakatulia. Fikiria: wimbo wa mtoto, katika litania ya majivu, ukamvua Kaisari taji, hata kama ni kwa saa chache.

Au Februari 602. Chakula kilikuwa haba. Kaisari Maurice alikuwa akienda usiku, miguu peku kama ilivyokuwa desturi, kwenye sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kuelekea kanisa la Mama wa Mungu la Blachernae. Njiani umati ukaanza kumtukana, kisha mawe. Mwanawe alikingwa kwa joho na mmoja wa wakubwa, akatoroshwa. Maurice aliwaamuru walinzi watishie kwa rungu tu bila kuumiza mtu, akaendelea na safari mpaka kanisani, akamaliza sala. Watu nao wakamtafuta mtu anayefanana naye, wakamvika nguo nyeusi na taji la vitunguu saumu, wakampandisha punda, wakamtembeza mjini wakimwimbia kejeli. Yaani walimjibu Kaisari kwa maandamano yao wenyewe. Kabla mwaka haujaisha alipinduliwa, akauawa pamoja na wanawe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba yote haya yalikuwa maonyesho ya watawala. Maonyesho yalikuwapo, tena ya kutisha kwa fahari. Tunayo maelezo ya Harun ibn Yahya, mateka Mwarabu aliyekuwa Konstantinopoli karibu na mwaka 900, ambayo mwandishi Ibn Rusta aliyahifadhi katika kitabu chake. Anasema siku Kaisari anapokwenda Kanisa Kuu, njia hutandikwa mikeka, juu yake yakamwagwa majani mabichi na mimea inayonukia, na kuta za huku na huku zikapambwa kwa vitambaa vya thamani. Vinapita vikosi na vikosi vya watu katika mavazi ya rangi, na mwishoni anakuja Kaisari, kwa miguu, ameshika kijisanduku cha dhahabu chenye udongo. Waziri wake anatembea karibu naye, na kila baada ya hatua mbili anamwambia kwa lugha yao: kumbuka kifo. Kaisari anasimama, anafungua kijisanduku, anautazama udongo, anaubusu, analia. Kisha anaendelea. Haya yanasemwa na mgeni aliyechukuliwa mateka, asiyekuwa na sababu ya kuwapamba waliomteka, na ndiyo sababu huwa nayarudia.

Mwingine ni Liutprand, askofu wa Cremona, aliyekuja mwaka 968 kama balozi wa Otto, mtawala wa Wajerumani. Alikuwa amekasirishwa na kila kitu. Anaandika kuwa kwenye maandamano ya Kaisari Nikephoros Phokas wafanyabiashara na makabwela walipangwa kuta mbili kutoka ikulu hadi Hagia Sophia, wameshika vijingao vyembamba na mikuki duni, na wengi wao hawakuwa na viatu. Alikusudia kuwadhalilisha. Lakini nikikumbuka Theodosius peku, na Maurice peku, najiuliza kama askofu yule alielewa alichokuwa anakiona.

Wiki nayo ilikuwa na siku zake. Kila Ijumaa watu walitembea kutoka Blachernae, pembeni kabisa kaskazini-magharibi, ambako vazi la Mama wa Mungu lilitunzwa, wakauvuka mji mpaka kanisa lake la Chalkoprateia, jirani na Hagia Sophia. Mwaka 626, Waavari walipouzingira mji nchi kavu na Waajemi wakiwa ng'ambo ya bahari, Kaisari Heraclius akiwa mbali vitani, ni patriaki Sergius aliyezunguka na picha takatifu juu ya kuta. Mji ukaokoka Agosti. Toka hapo wenyeji waliamini kuwa Mama huyo ndiye jemadari wao, na walimwimbia hivyo.

Jumanne ilikuwa yake pia, na hii ndiyo ningependa kuiona kwa macho kama ningepewa siku moja tu. Kwenye monasteri ya Hodegon kulikuwa na ikona yake, yaani picha takatifu, Hodegetria, Mwenye Kuonyesha Njia, iliyosadikiwa kuchorwa na Luka mwinjili. Pero Tafur, msafiri Mhispania aliyefika miaka ya 1437 na 1438, anasema pamoja na fremu yake ilikuwa nzito hata watu sita hawakuweza kuinyanyua. Kila Jumanne walikuja wanaume kama 20 wa ukoo maalumu, wamevaa kitani chekundu kilichowafunika hadi kichwani. Mmoja mmoja alisogea, na yule ambaye ikona ilimridhia aliibeba peke yake kana kwamba haina uzito. Akatoka nayo uwanjani, akauzunguka mara 50, kisha akampokea mwingine. Stephen wa Novgorod, aliyeiona karibu miaka 90 kabla yake, anasema mbebaji alinyoosha mikono kama aliyesulubiwa, akapelekwa huku na huku na ikona yenyewe.

Na siku hiyohiyo palepale uwanjani palikuwa na soko! Katika monasteri moja karibu na Arta, Ugiriki, umebaki mchoro wa ukutani wa karne ya 13 unaoonyesha Jumanne hiyo: ikona iko juu ya mabega, wanawake wamejaa kuitazama, na pembeni wachuuzi wanaendelea kuuza. Mchoraji hakuwafuta. Makasisi waligusisha pamba kwenye ikona wakawagawia watu, na naamini mama aliondoka na pamba mkono mmoja na kapu la mboga mkono wa pili. Tafur anasema hakukosa hata Jumanne moja muda wote aliokuwa mjini.

Ikona hiyo ilimtangulia Kaisari Michael wa Nane Agosti 15, 1261, alipoingia kwa miguu kupitia Lango la Dhahabu, baada ya miaka 57 ya mji kuwa mikononi mwa Walatini, Wakristo wa Ulaya Magharibi. Mji aliourudia ulikuwa gofu kwa sehemu kubwa. Barabara ilikuwa ileile.

Mji ulianguka mikononi mwa Sultani Mehmed wa Waturuki tarehe 29 Mei 1453. Ilikuwa Jumanne. Ikona ilikuwa imehamishiwa kanisa la Chora, karibu na kuta, na askari walioingia huko waliikata vipande wagawane fremu yake. Hadi leo Wagiriki wengi wanaiogopa Jumanne, hawaanzi nayo jambo.

Lakini siku tatu au nne kabla ya hapo, anasimulia Kritoboulos, mwandishi Mgiriki wa wakati huo, mji wote ulikuwa umetoka, wanaume kwa wanawake, kuizungusha ikona ya Mama wa Mungu. Mizinga ilikuwa imezibomoa kuta kwa wiki kadhaa. Ghafla, bila sababu iliyoonekana, ikona ikawaponyoka wabebaji ikaanguka chini kifudifudi. Watu wakapiga kelele, wakakimbilia kuiinua, ikakataa kama imegeuka bonge la risasi, kama imeshikwa na ardhi. Kwa muda mrefu walihangaika na kusali hata ikarudi mabegani, wakaendelea. Adhuhuri mawingu yakafunga, ngurumo na radi, mvua ya mawe ikamwagika kwa nguvu hata waliotangulia hawakuweza kusimama wala kusonga. Maji yakajaa njiani. Watoto waliokuwa wakifuata maandamano wakaanza kuchukuliwa na mkondo, na wangezama, kama baadhi ya wanaume wasingewarukia haraka, wakawashika, wakawavuta kwa taabu kutoka majini.